Bahari ya Chungu

Tangi lilipanda ngazi mabegani mwa wapwa zangu wawili,
lita mia na ishirini, limeviringishwa blanketi.
Hapa El Alto, mita elfu nne juu ya pwani yoyote,
hata chai huchemka kabla haijawa moto.

Hilarión mume wangu akauliza, Samaki wa kula?
Nikamwambia, Wa kutazama.
Akairudia redio yake.

Kwanza nilijaza maji matupu, kutafuta nyufa.
Usiku kona ya kushoto ikalia kimyakimya;
asubuhi zulia la mama yangu linaogelea.
Maji yakimwagika hayazoleki, ati.
Mimi niliyazoa, kwa tambara na beseni,
ndoo tatu na nusu,
nikapaka silikoni, nikangoja siku saba
nyumba nzima ikinuka siki.

Kisha chumvi.
Jirani Fortunato akaniletea kiroba kutoka Uyuni:
Ya nini kununua? Nchi hii tunaikanyaga chumvi!
Ningemwelezaje kwamba chumvi pekee si bahari,
kwamba bahari ina kalisi, ina magnesi,
ina majina mengine yaliyojipanga nyuma ya kopo
kwa herufi za kumpofusha fundi cherehani?
Nikapokea kiroba kwa mikono miwili.
Mpaka leo tunakitia kwenye supu.

Nilikoroga pipani kwa mwiko wa kinoa.
Maji meupe kama yaliyooshewa mchele.
Alfajiri yametulia, yameng'aa,
na kishale kimesimama pale pale kinapotakiwa.
Nilikuwa sina wa kumwonyesha. Nikakionyesha cherehani.

Tulipokuwa shule, kila Machi tuliandamana
kwa ajili ya bahari iliyopotea kabla ya babu zetu,
kofia za karatasi, kola za kibaharia,
watoto mia tatu ambao hakuna hata mmoja
aliyewahi kulowesha kidole.
Tuliimba tutairudisha.
Hakuna aliyetuambia inanukaje.

Mawe yalikuja kwa ndege, ndani ya magazeti mabichi.
Nikafungua sanduku, nikainama:
kitu kinaoza kidogo, kitu kinazaliwa kidogo,
vyote pumzi moja.
Kumbe ndiyo hii.

Wiki sita za kutunza mawe.
Majirani wanakuja, wanabandika paji la uso kwenye kioo:
Wako wapi? Hawajafika. Sasa unalisha nini? Silishi.
Maji ya kifuu, wakanicheka, bahari ya chungu.
Sikuona tusi. Chungu naye ana haki ya pwani.
Kila jioni matone matano kwenye kichupa:
kijani cha amonia, zambarau ya nitriti,
mpaka siku rangi zilipofifia
kama kitambaa kilichofuliwa mno.
Utando wa hudhurungi ukafunika mchanga,
ukaondoka wenyewe, sijui kwa nini.
Usiku mmoja mjukuu wangu Nayra akamulika tochi
akaona mkono mwembamba, wenye miiba,
unachungulia tunduni, unapapasa, unarudi.
Hatukumnunua huyo. Alikuja na mawe.

Hewa yetu kavu hunywa vidole viwili kwa siku.
Nilikuwa naongeza maji ya chumvi,
kishale kikapanda, konokono wangu wa kwanza akafunga mlango.
Gumercindo wa dukani akatikisa kichwa:
Mama, maji huondoka, chumvi hubaki.
Ongeza maji baridi tu.
Nilishona sketi nne wiki ile
nikiyarudia maneno hayo kila pindo,
nikimfikiria ndugu yangu aliyeshukia Arica, bandarini,
na shati lake ambalo bado liko msumarini.

Jana usiku niliamka, redio imezimwa.
Hilarión kakaa gizani mbele ya tangi,
taa ya samawati usoni.
Ujanani alitumikia miaka miwili jeshi la majini,
kule ziwani, akisugua sitaha
ya chombo kilichoelea juu ya maji ya kunywa.
Aliingiza kidole. Akakionja.
Akakaa muda mrefu.
Si chumvi tu, akasema bila kugeuka.
Ni chungu.

Samaki wawili, Gumercindo ameahidi, Jumatano.